Mwaka Ambao Jiko Lilinyamaza

Tulimzika Mzee Hamisi siku ya Ijumaa baada ya swala, na kabla wanaume hawajarudi kutoka makaburini, sisi tuliowahi kufanya kazi katika jiko la hoteli yake tulikuwa tumeshajipanga nyuma ya nyumba bila kuitwa na mtu. Masufuria ya kukodi yalikuwa juu ya mafiga, kuni zinatoa moshi, na kila mmoja akaenda upande aliouzoea kana kwamba zamu ilikuwa ndiyo inaanza. Mama Mbuke, ambaye siku hizi magoti yanamsumbua, aliketishwa kwenye kiti karibu na mchele. Jilala, aliyeanza kuota mvi ndevuni, alichukua nyama. Katikati yao palikuwa na meza. Jilala akimaliza kukata alitua beseni mezani, akarudi nyuma, akageukia moto. Ndipo Mama Mbuke alipomwagiza mtu alifuate. Mke wa mtoto mkubwa wa marehemu, mwenyeji wa Tanga, alikuwa anamenya vitunguu pembeni yangu. Aliwatazama kwa muda, kisha akaniinamia: "Dada, hawa wamegombana?" Nikamwambia hapana, hapa uani hakuna wanaoheshimiana kama hao wawili. "Mbona hata kutazamana hawatazamani?" Nikaanza kumweleza, na mimi nikianza kueleza jambo napenda mtu alielewe mpaka chini, kwa hiyo pilau liliiva kabla sijafika mbali. Yaliyobaki nimeona niyaandike, kwa sababu yanahusu mwaka ulionifundisha kazi ambayo mpaka leo nawafundisha wengine.

Mwaka huo mkoa wetu wa Simiyu ulikuwa bado mchanga. Bariadi ilikuwa inajengwa kila upande, magari ya mchanga na kokoto yakipita kutwa, na watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine walikuwa wanatafuta mahali pa kula panapofanana na walikotoka. Mzee Hamisi, aliyekuwa na maduka ya vitambaa na saruji, akajenga hoteli ya ghorofa moja, vyumba juu, ukumbi wa chakula chini, na nyuma yake jiko. Akanitoa Mwanza, nilikosomea upishi na kufanya kazi katika hoteli mbili, akaniambia: "Binti, jiko hili ni lako. Mimi najua kuuza kanga, sijui kuuza wali." Nilikuwa mdogo kwa umri kuliko karibu wote niliotakiwa kuwaongoza. Hofu iliniingia asubuhi ile ya kwanza, ikakaa nami mwaka mzima. Nilikuwa naonja chumvi ya mchuzi mmoja mara tatu. Nilikuwa nasimama kwenye dirisha la kutolea chakula nikisikiliza viti vya ukumbini, maana nilishajua kwamba mteja anayesukuma kiti nyuma kwa nguvu ni mteja aliyekasirika, na kila kiti kilichokwaruza sakafu kilinikwaruza mimi tumboni.

Jiko lenyewe lilikuwa refu na jembamba, kama ghala la pamba lililopigwa chokaa. Upande wa kushoto, chini ya madirisha yenye nondo, yalikuwa majiko ya mkaa ya wali na ugali; hapo ndipo palikuwa pa Mama Mbuke, mwanamke wa Nkololo aliyekuwa amepikia shule na misiba maisha yake yote kabla ya kupikia hoteli. Upande wa kulia yalikuwa majiko ya gesi na kikaango kikubwa cha mafuta. Hapo palikuwa pa Jilala, kijana wa Mwamapalala aliyejifunza kukaanga sato kwenye vibanda vya Lamadi, kando ya ziwa. Mwisho kabisa, karibu na mlango wa uani, palikuwa na sinki na meza ya kukatia mboga, mahali pa Limi, mama wa makamo mwenye sauti ndogo na habari nyingi. Mbele palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha alikuwepo Shija, mkuu wa wahudumu, mtu wa utani usiokwisha. Walikuwepo na wengine, lakini ukiwajua hawa umelijua jiko.

Ngoja nieleze jiko la hoteli linavyokwenda, kwa sababu asiyelijua hataelewa kwa nini niliogopa nilivyoogopa. Nyumbani mtu mmoja anapika chakula kizima. Hotelini sahani moja inapikwa na watu watatu wasiotazamana, kila mmoja kaelekea moto wake. Ugali ukitangulia, unakauka ukimsubiri samaki. Samaki akitangulia, anapoa. Kinachowaunganisha watu hao ni sauti. Oda ikiingia, mkuu wa jiko anaiita. Wa motoni anaitika. Kitu kikikaribia kuiva anamwambia mwenzake. Akipita nyuma ya mtu na sufuria ya moto anamtahadharisha. Walimu wangu wa Mwanza walitufundisha kwamba jiko lenye kelele ni jiko zima, na jiko lililonyamaza ni la kukimbiwa, kwa sababu ama chakula kinaharibika ama mtu yuko karibu kuungua.

Na miezi ya mwanzo jiko letu lilikuwa na kelele za kutosha. Mama Mbuke na Jilala walikuwa wanaendesha kazi kwa kuchokozana. "Jilala! Huyo sato unamkaanga au unamlea?" "Mama Mbuke, mimi namalizia. Wewe huo ugali unaujengea msingi?" "Ugali wangu unasubiri wanaume." "Basi mwite mumeo!" Jiko zima linacheka, na katikati ya kicheko hicho sahani zinatoka zikiwa moto, ugali na samaki vikifika dirishani pamoja kama watu waliokubaliana njiani. Sikuwa nimewafundisha hilo. Nililikuta, nikalilinda. Asubuhi nikiingia, Mama Mbuke alinisalimu, "Mwangaluka, ng'wanawane," akiniita mwanawe, na mimi nikaitika nikijua siku itakwenda.

Kisha wakulima wakamaliza kuuza pamba, msimu wa harusi ukaanza, na wiki moja tu baadaye jiko likanyamaza. Halikunyamaza lote. Limi aliendelea na habari zake, Shija na utani wake. Lakini kati ya kushoto na kulia palikufa. Jilala aliacha kumwita Mama Mbuke. Mama Mbuke akipita kwenda stoo, Jilala anageuka anatazama ukuta. Akitaka nafasi kwenye meza, anasubiri mpaka yule mama aondoke. Zamani walikuwa wanakula pamoja kwenye benchi la uani baada ya zamu ya mchana. Sasa Jilala alikuwa habandui mguu jikoni mpaka wengine wamalize, na siku nyingine hali kabisa. Nilimwuliza, "Jilala, unaumwa?" Akajibu akitazama viatu vyake, "Siumwi, dada Kabula." Nikamwuliza Mama Mbuke kama kijana amemkosea adabu. Akastuka kama nimemtukana. "Anikosee adabu? Yule? Hapana, ng'wanawane. Hajawahi kuwa na adabu kama sasa." Akarudi kwenye mwiko wake, na mimi nikabaki na jibu lisilonisaidia.

Sahani zikaanza kutoka vibaya. Ugali ulifika dirishani peke yake. Samaki walipoa wakisubiri wali. Siku moja Mama Mbuke aligeuka na sufuria ya maji ya moto wakati Jilala anapita, hakuna aliyemwambia mwenzake, na maji yakamwagikia viatu vya Jilala. Bahati ilikuwa kwamba alivaa buti. Nikaongeza sauti yangu mwenyewe. Nikawa nakimbia kati ya kushoto na kulia kama mkalimani, nikiwaulizia kila mmoja mwenzake amefikia wapi, na mchana ukiisha nilikuwa nimekauka koo. Kule ukumbini viti vilikwaruza. Nikiri kwamba usiku nilikuwa napiga mahesabu ya nani nimbadilishe na nani, na kila hesabu iliishia palepale: simpati mwingine wa kupika wali ule, na simpati mwingine wa samaki yule.

Wakati huo ndipo Mzee Hamisi alipoleta habari ambayo angepaswa kuifurahia. Ulikuwa unakuja mkutano wa wadau wa pamba, siku tatu, wageni kutoka wilaya zote na wengine kutoka nje ya mkoa, na chakula cha mchana kingekuwa kwetu. Alisimama mlangoni pa jiko, kanzu yake nyeupe akiishika isiguse mlango. "Bi Kabula," alisema, "nimesikia manung'uniko. Nimeyavumilia kwa sababu ni ya mtu mmoja mmoja. Hawa wa mkutano wakila vibaya siku ya kwanza, siku ya pili naleta watu wa kupika kutoka Mwanza, nimeshaongea nao. Na wakija hao, jiko nitawakabidhi wao moja kwa moja. Siwezi kulisha majiko mawili." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei. Nyuma yangu miiko ilikuwa imesimama. Watu wanane wenye nyumba, wazazi na watoto walikuwa wamesikia, na wote walinitazama mimi, isipokuwa wawili ambao kila mmoja alitazama ukuta wa kwake.

Mzee Hamisi alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliozidisha. Alikuwa ameambiwa kwamba wapishi wake wawili wamegombana, na huko alikokulia watu waliogombana hupatanishwa kwa kula sahani moja. Siku mbili baadaye akaja baada ya zamu, akaagiza sinia la wali na nyama, akaketi kwenye mkeka uani, akawaita. "Jilala, njoo hapa. Mama Mbuke, kaa hapa, mkabala naye. Naweni. Kila mmoja amlishe mwenzake tonge la kwanza, na mambo yaishe." Nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, na nilimwona Jilala akibadilika rangi. "Mzee, nimefunga," alisema. "Umefunga?" Mzee Hamisi akashangaa. "Wewe Mkristo, mwezi huu, umefunga nini?" Shija akaguna kicheko, akakimeza. Mama Mbuke alivuta kanga akajifunika kichwa mpaka usoni, akainuka, akapita nyuma ya nyumba, akaondoka na viatu vya jikoni. Jilala akabaki amepiga magoti pale, mikono mgongoni kama mtu aliyefungwa. Mzee Hamisi aliangalia sinia, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Hiki ni kiburi, binti. Siijui dawa yake." Akaenda zake bila kula.

Sasa msomaji wa kwetu ameshajua, na pengine anashangaa mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa Mwanza miaka mingi. Nilizijua mila kama mtu anavyoijua njia aliyopita utotoni. Ukimwonyesha anaikumbuka, lakini yeye mwenyewe haitafuti. Nilikuja kuambiwa na watu ambao hawakuwa wananiambia mimi. Nilikuwa stoo natoa unga, na upande wa pili wa ukuta Limi na Shija walikuwa wanakusanya vyombo.

"Kumlisha tonge mama mkwe!" Limi alikuwa anasema. "Mbele za watu! Mimi ningezama ardhini."

"Posa imeshakubaliwa?" Shija akauliza.

"Imekubaliwa tangu wiki ile. Yule binti anayeletaga maziwa pale getini. Ni wa mdogo wake Mama Mbuke, lakini aliyemlea ni Mama Mbuke, na atakayetoka naye siku ya harusi ni huyohuyo. Zile kelele zote za samaki, kumbe jicho liko kwenye maziwa."

"Sasa si kazini hapa? Mila waziache getini."

"Kaziache wewe. Wewe mama mkwe wako unamwitaje?"

Shija akapangusa sahani moja. "Simwiti," alisema. Wote wawili wakacheka mpaka sahani zikagongana.

Nilikaa juu ya gunia la unga. Yote yalinirudia kwa pamoja: kaka yangu akiingia porini kumpisha mama mkwe wake njiani, jina la mkwe lisilotamkwa, chakula kisicholiwa mbele yake. Kwa Msukuma aliyelelewa vizuri, mama mkwe ni mtu wa kuonewa haya maisha yote. Humwiti kwa jina, humgusi mkono, hutafuni akikuona. Jilala hakuwa na kiburi. Alikuwa ameposa, na tangu siku posa ilipokubaliwa alikuwa anampa yule mama heshima aliyofundishwa kumpa, katika chumba chembamba ambacho kazi yake yote ni kuitana na kupokezana. Na hakuna aliyeniambia, kwa sababu kila mmoja alidhani najua. Mimi si Kabula? Si mtoto wa Mwamanyili, hapahapa Usukumani? Walidhani naliona na nimenyamaza kwa staha.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwa Mama Mbuke na sukari na majani ya chai. Alinikaribisha ndani, akanipa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na maziwa ya mgando, na tuliongea habari za mvua mpaka habari za mvua zikaisha. "Mayu," nikamwambia mwishowe, kama mtoto anavyomwita mama yake, "nimejua juzi tu. Nisamehe kwa lile sinia." Akaweka kikombe chini. "Nilidhani ni wewe uliyempa Mzee lile wazo," alisema. "Nilisema moyoni, huyu mtoto amekwenda shule mpaka amepotea." Tukacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Nimeamua kuacha kazi," akaendelea. "Nife na njaa, sawa, lakini yule kijana anaanza nyumba. Akikaa ananiogopa mimi, atawaponza wote kazini." Nikamwomba asiamue kabla ya mkutano. Kesho yake asubuhi, sijavua hata koti, Jilala alikuwa ananisubiri mlangoni. "Dada Kabula, niondoe mimi," alisema. "Nirudi Lamadi. Huyo mzazi hawezi kupata kazi nyingine kwa umri wake." Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilikuwa na watu wawili, kila mmoja yuko tayari kupoteza mkate wake ili mwenzake abaki, na hawakuwa na njia ya kuambiana.

Nawafundisha vijana siku hizi kuongoza majiko, na wengi wanakuja wakiamini kwamba kumtia mtu moyo ni kumpigia makofi na kumwambia anaweza. Nawaambia pole pole: kwanza tafuteni kinachomzuia. Mtu mwenye aibu hasikii makofi. Ningeweza kumfuata Shija na kusema mila ziachwe getini, na pengine wangetii. Lakini ningekuwa nimewavua kitu kilichowafanya wawe watu wa kutegemewa. Jilala aliyekuwa anamstahi mama mkwe wake ndiye yuleyule Jilala ambaye hajawahi kunipikia samaki aliyelala. Sikutaka nusu yake.

Kwa hiyo niliwaita wote, bila kuwataja wawili. Nilisema kuanzia leo tunabadili namna ya kuitana. Hatutaita watu, tutaita chakula na vitu. Ukitaka wali, huiti mpishi wa wali, unaita wali. Ukipita na moto, unaita moto. Tena tutaita sote, mimi nikiwa wa kwanza. Shija akachomoza kichwa dirishani. "Basi mimi niitwe nani? Trei?" "Wewe uitwe Kelele," Limi akamjibu. Tukasogeza meza ndefu kutoka ukutani tukaiweka katikati ya jiko. Kitu kikiwa tayari kinatuliwa hapo, aliyekileta anageuka, anayekihitaji anakichukua, hakuna kupokezana mkono kwa mkono. Chakula chetu sisi wenyewe kikawa kwa awamu mbili, wa kushoto wanakula uani, wakimaliza ndipo wa kulia wanatoka. Na asubuhi kabla ya moto kuwaka nilianza kumpitia kila mmoja mahali pake, nikimwuliza swali moja kwa sauti ya chini: "Leo kuna kitu gani kitakukwamisha?" Mwanzoni walisema hakuna. Baadaye wakaanza kusema: mwiko umepasuka, mtoto kalazwa, kisu hakikati.

Siku za kwanza ilikuwa kama mchezo wa watoto. Watu walikosea, wakataja majina, wakajiziba midomo. Lakini siku ya tatu au ya nne nilisikia kitu nilichokuwa nimekikosa. "Sato wawili wanakaribia!" Jilala aliita, akitazama kikaango chake. Nikageukia kushoto. Kisha Mama Mbuke, akiwa ameelekea sufuria yake, akajibu, "Ugali upo, unasubiri!" Limi aliniangalia kutoka kwenye sinki akakunja midomo asicheke. Jioni Jilala alikuja karibu yangu akasema, akitazama pembeni, "Dada, mwambie aliyepika wali wa leo kwamba wageni wameomba tena." Nikavuka jiko nikaenda kusema. Mama Mbuke akajifanya anatafuta kifuniko. "Mwambie aliyesema wabeja," alisema, akishukuru kwa Kisukuma. Hofu yangu haikuisha. Jiko lililojifunza kuongea upya kwa wiki mbili linaweza kusahau mbele ya ukumbi uliojaa, na siku ya mkutano ilikuwa inakuja.

Ilipofika niliamka kabla ya jogoo. Ukumbi ulijaa kabla ya saa ya chakula, kwa sababu mkutano ulimaliza mapema kuliko tulivyoambiwa. Shija alikuja dirishani bila utani wowote mdomoni. "Wameshakaa," alisema. "Mzee yuko mlangoni." Tukaanza. Wali, maharage ya ndondo, kuku, sato, ugali, mchicha wa karanga. Sauti zilikwenda vizuri kwa muda, kisha zikaanza kupishana. Mtu akaita kuku wakati kuku hayupo, sufuria moja ya wali ikashika chini na harufu ikatufikia sote kwa pamoja. Mama Mbuke akauhamisha wali wa juu bila neno, akafunika ule wa chini. Nikataka kwenda kwake, lakini hapo ndipo guu la jiko la gesi upande wa kulia lilipolegea.

Nilikiona kikaango kikiinama, na Jilala akikikamata kwa vitambaa viwili. Hakuweza kukizuia chote. Mama Mbuke alikuwa amekuja kwenye meza ya katikati kuchukua bakuli, amempa Jilala mgongo, karibu mno. Zamani Jilala angemwita jina, naye angegeuka. Kwa kupepesa jicho nilijiuliza kama kijana huyu angeweza kunyamaza kwa adabu mpaka yule mama aungue. Midomo yake ilifunguka. "Mafuta!" alipiga kelele. "Mafuta, kushoto, toka!" Mama Mbuke hakugeuka kuangalia nani anaita. Alirukia upande wa pili kama mtu wa nusu ya umri wake, na mafuta yakamwagika pale alipokuwa amesimama, yakachemka sakafuni. "Chumvi!" Mama Mbuke akaita, na Limi akaja na mfuko mzima akaumwaga juu ya mafuta wasiteleze watu. "Sato kumi wamepona!" Jilala akaita tena. "Nakaangia jiko la pili!" "Ugali upo!" likaja jibu kutoka kushoto. "Unasubiri!"

Sitasema kwamba chakula kilikuwa kizuri kama nilivyotaka. Meza za mwisho zilisubiri. Mchicha uliisha kabla watu hawajaisha, na nilimsikia mgeni mmoja akisema hivyo kwa sauti. Nilisimama dirishani nikisikiliza viti, na safari hii sikuweza kutofautisha vya hasira na vya shibe, vyote vilikwaruza sawa. Ukumbi ulipopungua Mzee Hamisi akaja jikoni. Alisimama mlangoni kama siku ile, akaangalia sakafu nyeupe kwa chumvi, meza iliyokaa katikati mahali isipotakiwa kuwa, na watu waliolowa jasho. Akaomba sahani. Nikamwekea wali na sato. Akala amesimama, polepole, akitema miiba kwenye kiganja, na hakuna aliyeosha chombo wakati anakula. Alipomaliza alinawa, akanirudishia sahani mwenyewe.

"Kesho mboga ziwe nyingi," alisema, akatoka.

Nilibaki nimeshika ile sahani. Wengine walikuwa mbali kidogo, hawakusikia, na wote walikuwa wananitazama kama walivyonitazama siku ile alipotaja watu wa Mwanza. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimetafuta maneno ya kuwatia moyo watu hawa, nikiyaandaa njiani nikija kazini. "Amesema," nikawaambia, "kesho mboga ziwe nyingi."

Hakuna aliyeshangilia. Limi alikaa juu ya ndoo akafunika uso kwa aproni yake. Shija alichukua ufagio akaanza kuikusanya ile chumvi. Mama Mbuke alikuwa ameshageukia sufuria iliyoungua, anaikwangua.

"Mchicha mzuri unaisha mapema," alisema, akiiambia sufuria. "Sokoni asubuhi anakwenda nani?"

Upande wa kulia Jilala akajikohoza.

"Dada Kabula," alisema, "waambie naenda mimi."